Kiulizo Atafuta Kugombezwa

Mama yake Kiulizo alikuwa mgombezi wa kutajika. Mtaa mzima ulimwita Bi Kipaza, na jina hilo alilijua na wala halikumkera. Alimgombeza muuza maziwa akichelewa, na siku aliyowahi alimgombeza kwa kuwaamsha watu. Aligombana na msomaji wa habari redioni, amesimama mbele ya redio mkono kiunoni, kana kwamba yule bwana angepata nafasi ya kujitetea. Kuna fundi bomba mmoja aliyemaliza kazi pale, akakusanya vifaa vyake kimya kimya, na mpaka leo akifika mtaa ule huvuka barabara mapema.

Katika nyumba ile mtu mmoja tu hakugombezwa, naye ni Kiulizo. Alikuwa mwanamke mzima mwenye kazi na ufunguo wake wa mlango, na mama yake alizungumza naye kwa sauti laini ya kumbembeleza mtoto mchanga. Akivunja glasi, mama husema, “Haidhuru, mwanangu,” halafu anaokota vigae mwenyewe. Kiulizo aliishi hivyo miaka bila kuona ajabu yoyote, mpaka kazi ilipomfumbua macho.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utafiti, katika kituo cha afya ya akili cha mtaani. Ni kituo kile kile alichokuwa akienda baada ya kutoka wodini, akakaa kwenye duara la viti vya plastiki na wenzake, akajifunza upya kulala, kula kwa wakati na kumeza dawa bila kumlaumu mtu. Wakubwa wa kituo walitaka kujua kama kweli wanawasaidia watu kupona, au wanawanywesha chai tu na kuwarudisha nyumbani. Wakamleta mtafiti wa kufanya tathmini, na mtafiti akasema hafanyi bila watu waliopitia wenyewe, kwa sababu ndio wanaojua cha kuuliza. Kwa kuuliza, Kiulizo hakuwa na mpinzani. Jina hilo alipewa angali mdogo, enzi walimu walipokuwa wakimwona wanageuza njia.

Mtafiti huyo, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliitwa Daktari kwa sababu ya shahada yake. Alikuwa hajawahi kumchoma mtu sindano, lakini watu hawakujali. Walimletea watoto wenye kikohozi, naye akawaelekeza chumba cha pili kwa Sista, muuguzi wa kituo. Ofisi yao ilikuwa stoo ya zamani ya magodoro. Feni ilizunguka kwa kusitasita, na kwenye ukuta mmoja walibandika vipande vya karatasi za rangi, kila kipande kikiwa na maneno ya mtu mmoja aliyejibu swali moja: ulijuaje kwamba unapona?

Watu hawakujibu kama vitabu. Mmoja alisema alijua siku jirani alipomwachia mtoto amshikie, akaenda zake sokoni bila kugeuka nyuma. Mwingine alisema ni siku alipochoshwa na hotuba ya harusi, akachoka kwa uvivu wa kawaida kama wageni wenzake. Seremala mmoja mwenye upara, mtu mkubwa wa mwili, alijibu huku akicheka mpaka kiti kikalia.

“Mke wangu alinifokea kwa ajili ya taulo,” alisema. “Nimelitupa kitandani limelowa. Alinifokea huyo, majirani wakatoka nje. Mimi nikakaa pale nacheka. Nikajua basi, nimerudi.”

Baada yake wakaja wengine wawili waliosema jambo lilelile kwa maneno yao. Nyumbani walishikwa kama mayai, walisema, na mtu anayeshikwa kama yai hasahau kwamba anaweza kuvunjika. Daktari alivisogeza vile vipande vikakaa pamoja ukutani, akavitazama, kisha akatunga swali la dodoso: watu wa nyumbani hukugombeza unapokosea, kama wanavyowagombeza wengine? Jibu lilikuwa la kuchagua, kuanzia kamwe mpaka mara nyingi.

Walikuwa na desturi yao pale stoo. Swali jipya haliulizwi kwa mtu wa nje kabla wao wenyewe hawajaulizana. Daktari akamgeukia Kiulizo, kalamu mkononi, akamsomea kama anavyomsomea mhojiwa yeyote. Kiulizo akafungua kinywa kujibu haraka, maana ni mtu wa majibu ya haraka. Halafu akakifunga.

“Kamwe,” akasema mwishowe. “Na mama yangu anagombeza mpaka redio.”

Daktari hakucheka. Alichomeka kalamu yake mfukoni, akasema, “Swali hili ni la kuuliza tu. Usiende kutengeneza jibu lake. Mtafiti hamchokozi anayemtafiti.”

Kiulizo aliitikia kwa kichwa. Kichwa tu, moyo ulikwishatoka mlangoni ukashika njia ya nyumbani.

Sababu ilikuwapo. Kiulizo alikuwa na binti wa miaka tisa. Alipolazwa, mtoto alichukuliwa na dada yake mkubwa, wakakubaliana kama familia kwamba atarudi kwa mama yake akishapona. Lilikuwa neno zuri, na wote walilipenda, ila hakuna aliyesema kupona ni nini. Kwa hiyo miaka ikapita, na Kiulizo akawa mtu wa kumtembelea mwanawe Jumapili. Alimletea biskuti, akamsemesha kwa upole, akamsifia kila mchoro hata ule ambao haukueleweka kama ni ng’ombe au kochi. Binti naye alikaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, akijibu, “Ndiyo, mama. Asante, mama.” Alikuwa na adabu mno. Kiulizo alikuwa akirudi nyumbani na adabu ile imemkaa kifuani.

Sasa shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na Jumamosi ya wiki ile kilipangwa kikao cha familia kuamua mtoto aanzie muhula wapi. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, ndiye angeongoza. Alikwishatangaza kwenye simu kwamba yeye hana neno: “Mama yenu ndiye anaishi naye. Akisema amepona, amepona.” Kiulizo alikuwa na matumaini tele kuhusu kikao hicho, mpaka aliposomewa swali. Kama mama hamgombezi, basi mama hamwoni mzima. Na kama hamwoni mzima, mtoto haji.

Hapo ndipo mwanamke mwenye akili zake timamu alipoamua kwamba, kabla ya Jumamosi, lazima agombezwe.

Alianza na taulo, kwa heshima ya yule seremala. Alilitupa limelowa chapachapa juu ya kiti cha mama, kile cha mto mwekundu ambacho hata Mjomba hakukikalia. Mama akaja, akalitazama, akalianika. “Haidhuru, mwanangu,” akasema. Kesho yake Kiulizo aliacha vyombo vya jana vimejaa kwenye karo, akaenda kazini. Aliporudi vimeoshwa na kupangwa. Akafungulia muziki wakati wa taarifa ya habari. Mama, ambaye hajawahi kukosa nafasi ya kumgombeza yule msomaji, alihamia kibarazani na kikombe chake bila neno. Jioni mezani Kiulizo alibishana naye juu ya kila kitu, tangu bei ya vitunguu mpaka jina la paka waliyekuwa naye zamani, akazungumza mfululizo mpaka mwenyewe koo likamkauka. Mama alimsikiliza huku akimtazama usoni kwa makini, akamwongezea wali.

Ningekuwa pale ningemshika mkono nikamwambia acha. Lakini Kiulizo akishaanza jambo hasikii la mtu.

Alhamisi akageukia sufuria ya mama. Sufuria ile ilikuwa nzito, ya kizamani, na mama hakuruhusu mtu mwingine aioshe, achilia mbali kuipikia. Kiulizo alibandika maharage ndani yake, akaongeza moto, akatoka uani. Akasimama pale amekunja mikono, anautazama moshi unavyotoka dirishani, na moyo unamdunda kwa furaha ya ajabu. Aliisikia miguu ya mama ikikimbia jikoni. Akajiweka sawa kupokea.

Mama alizima jiko, akafungua madirisha yote, akainama juu ya sufuria kwa muda mrefu. Kisha akatokea mlangoni.

“Haidhuru, mwanangu,” akasema. “Hujaungua?” Akasogea karibu, akashusha sauti. “Jana ulilala vizuri?”

Kiulizo akakunjua mikono. Swali lile alilijua lilikotoka.

Kituoni kulikuwa na darasa la ndugu wa wagonjwa, na Bi Kipaza hakukosa hata kipindi kimoja. Sista aliwafundisha dalili za ugonjwa kuanza kurudi: mtu analala kidogo, anaongea bila kituo, anapenda kelele, anaacha kazi nusunusu, anasahau vitu motoni. Mama alizishika dalili zile kwa vidole, moja moja, kama mtoto anavyoshika hesabu. Na wiki ile nzima, wakati binti yake akijiona mjanja wa utafiti, mama alikuwa anakunja kidole kimoja kila siku. Ilipofika Alhamisi mkono ulikuwa umebaki ngumi.

Ijumaa asubuhi Sista akabisha hodi. Alisema alikuwa anapita tu, ingawa nyumba yake ilikuwa upande wa pili kabisa wa mji na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi la safari.

“Dawa unameza?” akauliza.

“Nameza, Sista.”

“Usingizi?”

“Nalala kama gogo.”

“Na sufuria?”

Kiulizo akatazama chini. Angeweza kusema pale pale, mambo yakaisha. Lakini alijiona anavyosikika: nilichoma maharage kusudi ili mama anigombeze. Aliogopa, na aibu ilimzidi, akasema alipitiwa. Sista akamwambia kwamba mama yake ameshawapigia simu watu wote, na kwamba kama kuna jambo la kueleza, basi alieleze kikaoni, asilibebe peke yake.

Jumamosi sebule ilijaa. Mjomba alikaa katikati na kofia yake gotini, mama kwenye kiti cha mto mwekundu, dada pembeni na mkoba ameukumbatia. Binti alisalimia mmoja mmoja kwa adabu zake zote, akaambiwa akacheze uani.

“Hakuna anayekulaumu,” alianza Mjomba, na Kiulizo akajua mambo yameharibika, maana ukiambiwa hivyo umeshahukumiwa. “Tunakupenda sote. Mtoto tunampenda. Ila kwa hali tuliyoisikia wiki hii, tunaona tusubiri. Mwaka mmoja tu. Upumzike.”

Kila mmoja alitikisa kichwa polepole. Sauti zote zilikuwa laini, kama watu waliokaa na mtoto aliyelala. Dada alitazama sakafu. Uso wake haukujua ufurahi au uone haya. Kiulizo aliumia. Aliumia kuliko alivyoumia wodini, kwa sababu wodini hakuwa amejitakia. Mwaka mmoja tu, na binti angekuwa na miaka kumi, amekaa ukingoni mwa kiti na biskuti mkononi.

Akapiga moyo konde, akawaambia yote. Aliwaambia swali la Daktari, seremala na mke wake, taulo, vyombo, muziki, paka na maharage. “Nilitaka mama anigombeze,” akamaliza. “Nilijua akinigombeza mtajua nimepona.”

Maelezo yale, yalipotoka nje na kusimama peke yake katikati ya sebule, yalikuwa na wazimu kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya akiwa mgonjwa. Mjomba alimwinamia mama, akanong’ona kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni, “Hii nayo si dalili?”

Mama alikuwa anamtazama Kiulizo.

“Rudia,” akasema. “Sufuria.”

“Niliiacha motoni kusudi, mama.”

“Kusudi.”

“Ndiyo.”

“Sufuria yangu.”

“Ndiyo, mama.”

Bi Kipaza akasimama. Waliomfahamu zamani wangeanza kutafuta mlango.

“Yaani mimi,” akasema, na sauti bado iko chini, inapasha moto, “mimi nimekaa wiki nzima silali, nakunja vidole kama mtoto wa chekechea, chakula hakishuki, nimempigia simu kila mtu mpaka watu wananikatia, kumbe wewe uko uani umekunja mikono unaangalia maharage yangu yanateketea?” Sasa haikuwa chini tena. “Huna kazi ya kufanya? Hiyo kazi wamekuajiri uje unichomee nyumba? Na taulo! Mto wangu umevunda mpaka leo, naukalia nanuka mimi. Na yule paka jina lake lilikuwa lile lile nililokwambia, mbishi wewe, ulikuwa hujazaliwa, unabisha nini?”

“Mdogo wangu, taratibu,” akasema Mjomba, ameinua kiganja. “Mgonjwa huyo.”

“Mgonjwa yuko wapi? Nionyeshe mgonjwa hapa, kaka. Mgonjwa mimi namjua, nimemuuguza kwa mikono hii. Huyu si mgonjwa. Huyu ni mjinga. Mjinga mwenye afya yake, anakula, analala, anavimba. Na sufuria ile nilipewa na mama, imepika harusi na misiba, hakuna aliyewahi kuiunguza. Sasa mtoto akihamia hapa Jumatatu uji wake nitaupikia wapi? Kwenye kofia ya mjomba wako?”

Akaendelea. Alikuwa na mengi ya miaka mingi, na alikuwa anayatoa kwa mpangilio wake. Lakini Kiulizo alikuwa amebaki kwenye neno moja na hatoki hapo. Mjomba naye alilisikia, akaiondoa kofia yake gotini kwa tahadhari.

“Kwa hiyo,” akauliza, “mtoto anahamia?”

“Kwani ulidhani tumekaa hapa tunangoja basi?” akasema mama.

Kiulizo akawa analia na kucheka kwa pamoja, na kamasi juu. “Mbona hukunisema siku zote, mama?” akauliza. “Mbona ulininyamazia?”

Hapo Bi Kipaza akaishiwa pumzi. Alikaa chini, akaupangusa uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

“Nilikugombeza usiku wa mwisho,” akasema. “Kabla hawajakupeleka wodini. Kwa ajili ya vyombo tu, vikombe viwili. Asubuhi hukuwepo, tukakuokota barabarani hujijui. Mimi nikasema basi, ni mdomo wangu.”

“Haikuwa mdomo wako.”

“Sista alinieleza. Ameeleza mara ngapi, na mimi nimo darasani naitikia. Lakini niliogopa tu. Nilikuwa kila nikikufungulia mdomo naiona ile barabara.”

Kiulizo akatoka kwenye kiti chake, akaenda kukaa sakafuni, akaegemea magoti ya mama. Pembeni dada alikuwa ameanza kulia, na hakulia kwa furaha; alikuwa amemlea yule mtoto, anajua anapenda kulala upande gani. Kiulizo aliliona hilo, akamnyooshea mkono, dada akaushika akaubana sana. Mjomba alisafisha koo mara kadhaa akitafuta la kusema kama mwenyekiti, asilipate.

Mlango wa uani ukafunguka. Binti akaingia mbio, ametoka kuchezea bomba, viatu vyake vya shule vimejaa tope na gauni linadondosha maji. Akakanyaga zulia mara nne kabla hajaona kwamba watu wazima wanalia, akasimama katikati.

“Wewe,” akasema Kiulizo. Sauti ilimtoka kabla hajaichagua, nene, ya ukoo. “Simama hapo hapo. Nani kakwambia uchezee bomba na viatu vya shule? Hebu tazama zulia la bibi yako. Toka, vua hivyo viatu, kaoshe miguu, halafu uje na tambara ufute kila ulipopita.”

Binti alimtazama mama yake akiwa ameachama. Akamtazama mama mkubwa, na mama mkubwa akawa anajipangusa macho. Akamtazama bibi, lakini bibi alikuwa anaangalia zulia kwa huzuni. Hakuna aliyemwokoa.

Alivua kiatu kimoja, akavua cha pili, akatoka akiburuza miguu na kuubamiza mlango kidogo. Wakamsikia nje akifungua bomba. Alikuwa ananung’unika, si kwa kunong’ona, bali kwa sauti ile ya kupimwa ambayo mtoto huitumia kwa mtu wa nyumbani, imfikie lakini isimpe ushahidi: “Mama naye. Kila kitu yeye. Maji tu hayo, yatakauka, lakini mama, ah.”

Kiulizo alikaa pale sakafuni akamsikiliza mpaka mwisho.